"Mmeelewa?" "Sawa, bosi": swali kutoka ghala la chai

SWALI: Mimi ni supavaiza wa ghala la chai Shimanzi, Mombasa, nina vijana tisa. Kila asubuhi naeleza kazi, nauliza kama wameelewa, wanajibu sawa. Ikifika saa sita nakuta mifuko ya invoisi mbili, yaani mafungu mawili tofauti ya chai, imechanganywa kwenye peleti moja. Tena mkubwa wangu anataka nimwandae mmoja ashike zamu yangu nikienda likizo Desemba. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kulifuta hilo swali la "mmeelewa?" Mbele ya wenzake wanane, nani atasema hakuelewa? Na kwetu Pwani "sawa" ni adabu kwanza. Mtu anakuambia amekusikia, basi. Chagua mmoja umwulize kazi yenyewe: "Kabla hujainua peleti, utasoma nini kwenye mfuko?" Unataka kusikia jina la kiwanda, gredi, kisha namba ya invoisi. Akiiruka invoisi, kosa la saa sita umelinasa saa mbili asubuhi, bila hasara. Kesho muulize mwingine.

Pia jisikilize mwenyewe. Kiwanda kimoja huleta chai ya gredi PF1 tena na tena: jina lile lile, gredi ile ile, mfuko ule ule. Kinachotenganisha mzigo wa mnunuzi huyu na wa yule ni invoisi. Ukisema "leteni PF1 ya fulani" umetoa nusu ya agizo, na nusu iliyobaki wataibahatisha. Namba ziandike ubaoni, maana sikio halishiki tarakimu penye ngurumo za malori.

Kikao kiwe cha dakika kumi, mkiwa wima kando ya mzigo, maagizo yasizidi matatu. Kisianze wakati wanaotoka Likoni bado wako kwenye feri. Aliyechelewa huokota maagizo kwa mwenzake, yakiwa yameshapungua.

Kuhusu wa kukushikia zamu: usimchague mpakiaji mwepesi kuliko wote. Mtazame yule ambaye wenzake humwendea kuuliza wewe usipokuwepo. Kisha mfunze kwa hatua nne zilizotumika katika viwanda vya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kazi ya mikono sijaona njia bora zaidi. Chukua kazi moja, tuseme kupokea lori, uivunje katika hatua tano hadi saba kwenye karatasi moja.

Kwanza, muulize anajua nini tayari, usimfundishe anachokijua. Pili, fanya wewe mara tatu: mara ya kwanza ukitaja hatua tu, ya pili ukionyesha pale kazi inapoharibikia, ya tatu ukitoa sababu. Kwa mfano, mfuko uliolowa hutengwa kabla ya kuhesabiwa, kwa sababu ukishaingia kwenye hesabu umekubaliwa. Tatu, afanye yeye: mara ya kwanza kimya, ukimsahihisha pale pale, halafu arudie akikueleza hatua, mahali pa hatari na sababu. Nne, mwachie, umjulishe wa kumwuliza akikwama, umpitie mara kwa mara siku za mwanzo kisha upunguze. Masupavaiza wengi huiruka hatua ya tatu. Wanaona kijana anatikisa kichwa, wanaondoka. Ni ile "sawa" imerudi kwa mlango mwingine.

Likizo ya mwaka kisheria haipungui siku 21 za kazi, kwa hiyo usimtupie zamu nzima ghafla. Mpe nusu siku Oktoba, siku nzima Novemba, wewe ukiwa ofisini. Andika anachoamua peke yake, kama kupanga watu na kukataa mifuko iliyochanika, na kinachohitaji simu kwako, kama uzito usiolingana na karatasi za mzigo. Wajulishe wote tisa, la sivyo watamzunguka.

Kosa likitokea, mwite mhusika pembeni siku hiyo hiyo. Sema ulichokiona: "Peleti ya nne ilikuwa na invoisi mbili." Ukimwita mzembe mbele ya watu, kosa linalofuata litafichwa chini ya turubai. Andika tarehe na mlichokubaliana. Mambo yakifikia kumwachisha mtu kazi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na asikilizwe.