Kuhama Nakuru kwenda Kisumu: usibebe kila kitu

Dada, nimekuelewa: kazi mpya Kisumu, nyumba ya Free Area, mtaa wa Nakuru, unaogopa kuiachia, na stroberi zako za mikebeni hujui utazipeleka wapi. Nami nilihama hivyo hivyo.

Soma mkataba kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kazini hadi miezi 6, na humo wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7. Kwa hiyo anza na bedsita (nyumba ya chumba kimoja), godoro na meko ya gesi. Makochi yabaki kwa ndugu. Usitume dipoziti kabla ya kufungua mfereji mwenyewe uone maji.

Neti ya mbu ni lazima. Ukisikia homa, kapimwe malaria siku hiyo hiyo, usimeze dawa za kubahatisha.

Stroberi? Mwachie jirani. Zangu zilinyauka wiki ya pili, majani kama karatasi. Sasa napanda kunde.