Waserbia wa Coober Pedy na Utalii wa Chini ya Ardhi

SWALI: Ndugu Mhariri, familia yetu ina nyumba ya wageni hapa Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Nimesikia kwamba wahamiaji wa Kiserbia waliinua utalii wa mji mmoja wa jangwani nchini Australia. Waliwezaje?

JIBU: Ndugu msomaji, mji huo ni Coober Pedy, ambako vito vya opali viligunduliwa mwaka 1915, na ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, hata wakazi wengi wakaamua kuchimba makao yao ndani ya mwamba. Waserbia, kama Wagiriki na Wakroatia, walifuata opali. Kanisa lao la Kiorthodoksi la Nabii Eliya, lililokamilika mwaka 1993, lilichongwa chini ya ardhi, na michirizi ya mashine ya kuchimbia ingali inaonekana darini, juu ya watakatifu waliochongwa ukutani. Walilijenga kwa ajili ya ibada. Hata hivyo, wasafiri wanaopita kati ya Adelaide na Alice Springs husimama kulitazama.

Kusema waliuinua utalii peke yao ni kutia chumvi, kwani migodi ya zamani na nyumba za wachimbaji nazo huvuta wageni. Nanyi mna magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mgeni akifika kwenu jioni, mtafutieni mapema kibali, chombo cha kuvukia na mwenyeji wa kisiwani wa kumtembeza, kisha kesho yake mwandalieni chakula cha mchana atakaporejea kutoka kisiwani.