Kabla hujapanda mkoko, uliza maji

Nyinyi mnaoanza kazi ya mikoko mwaka huu, iwe Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), halmashauri au mradi wa kijiji, jambo la kwanza mtakaloambiwa ni idadi ya miche. Hata mimi niliambiwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza tulipanda miche elfu tatu kwa asubuhi moja. Wanafunzi walikuja, mgeni rasmi akaja na fulana mpya zikagawiwa. Bahari ilikuwa imekupwa hadi macho yanachoka kuitafuta. Tukavuta kamba, tukapanga mistari iliyonyooka kama ya shamba la mahindi, kwenye tope tupu lililo mbele ya msitu, upande wa baharini.

Mzee mmoja mvuvi wa kaa alisimama pembeni muda mrefu akitutazama. Mwishowe akaniita: "Mwanangu, hapo pangekuwa pa mkoko, si ungeshaota wenyewe?" Nikamjibu kwa tabasamu la msomi, tukaendelea. Kusi ilipokwisha nilirudi. Miche iliyobaki niliihesabu bila kuhitaji daftari, na hiyo nayo ilikuwa imevikwa yale magamba makali yanayoganda chini ya mitumbwi, imeinama kwa uzito.

Swali la yule mzee nimelibeba tangu siku hiyo. Mkoko hauna shida ya mbegu. Mbegu yake huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia ndefu na ya kijani, ikikomaa inaanguka, maji yanaichukua. Msitu wenye afya unaangusha mbegu nyingi kuliko kitalu chochote mtakachojenga. Kwa hiyo mahali ambapo mbegu zinapita mwaka hadi mwaka na hakuna kinachoshika, pana sababu, na kuongeza mbegu nyingine kwa mkono hakuiondoi sababu hiyo.

Sababu ya pale kwetu ilikuwa rahisi. Mikoko huota juu ya usawa wa kati wa bahari, mahali ambapo maji yanaingia na kutoka na mizizi inapata saa nyingi za hewa. Sisi tulipanda chini ya hapo, mche ukawa unazama kutwa. Ndiyo maana tope lile lilikuwa tupu. Kosa hili si letu peke yetu: Ufilipino walipanda kwa fedha nyingi na kwa miaka mingi, sehemu kubwa ikiwa mbele ya bahari namna hiyo hiyo, na watafiti walipokwenda kuangalia walikuta kwa kawaida miche iliyopona ni asilimia 10 hadi 20. Tope tupu linapendwa kwa sababu halina mwenyewe wa kugombana naye, na picha zake zinatoka vizuri. Mara nyingine si tupu hata kidogo. Lina majani ya bahari, ambayo ni malisho ya samaki kama tasi, nanyi mnayakanyaga mkisema mnaokoa mazingira.

Basi kabla ya kitalu, jifunzeni maji. Ukanda wetu maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama hamsini. Bamvu, yaani maji makubwa, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayafiki mbali. Asiyejua leo ni maji gani atafika eneo la kazi akute limefunikwa, au atapima siku ya maji mafu aandike kwamba eneo ni kavu. Chukueni vijiti thelathini hivi, vipakeni chokaa, vichomekeni kwa mstari kutoka ukingo wa kijito hadi nchi kavu. Rudini baada ya bamvu mwone maji yamefuta chokaa hadi wapi. Kisha fanyeni vivyo hivyo ndani ya msitu mzima ulio jirani, mlinganishe. Kazi hii haina gharama, na imenifundisha kuliko semina nyingi nilizokaa. (Viatu vizuri acheni nyumbani. Tope la mikoko likishakishika kiatu, halikirudishi.)

Halafu someni kifo chenyewe, maana miti hufa kwa namna tofauti. Ukikuta visiki, muuaji ni panga, na kwa kweli hicho ndicho kifo chepesi kutibu, kwa kuwa maji na udongo bado vipo sawa. Eneo lililokatwa likaachwa, na kama kuna miti mama karibu, mara nyingi linajirudia lenyewe. Linalonitia wasiwasi ni lile ambalo miti imekauka ikiwa imesimama, hakuna alama ya panga.

Hapo tazameni chini. Ardhi ikiwa na utando mweupe wa chumvi na matundu ya kaa yamekwisha, tafuteni nani amefunga mlango wa maji. Huenda ni barabara iliyojengwa bila kalavati, au tuta la shamba la chumvi. Maji ya bamvu yanavuka juu ya tuta, hayawezi kutoka, jua linayanywa, chumvi inabaki. Mwezi unaofuata vivyo hivyo. Mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, huvumilia chumvi kuliko wenzake wengi, kwa hiyo ukiona hata mchu umedumaa kimo cha goti, jua hali imeshaharibika siku nyingi.

Kifo kingine hutoka mbali zaidi. Mchu hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza matopeni kama penseli. Vikifunikwa, mti unakosa hewa. Kule Mwache, kwenye hori za Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara ukafukia mizizi hiyo, na mikoko ikafa eneo kubwa. Hakuna aliyeshika shoka. Miti ya baharini iliuawa na ardhi ya bara isiyokuwa na kinga, mashamba ya miteremkoni yaliyolimwa hadi ukingoni mwa maji. Kinyume chake nacho kinadhuru: delta, pale mto unapotawanyika kuingia baharini, hujengwa na udongo wa mto, kwa hiyo bwawa linalozuia udongo huo huko juu linainyima delta chakula. Ndiyo maana ninyi wa Rufiji, ambayo kwa hesabu ya miaka ya 1990 ilikuwa na mikoko karibu hekta 53,000, msikae mkiangalia bahari tu. Mto una habari zenu pia.

Na kwa kuwa nimeitaja Rufiji, niseme kuhusu watu. Kijana mpya hufika na moto wa kumkamata mkataji. Sheria ya Misitu ya 2002 ipo, mikoko ni hifadhi, na kuvuna kunataka kibali. Lisemeni hilo wazi. Lakini kaeni kwanza mjue mti unakwenda wapi. Boriti, nguzo na fito zimejenga nyumba za pwani hii, na kwa karne kadhaa majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni. Mkataji wa boriti anachagua: anataka mkandaa au mkoko wenyewe (aina mbili kati ya miti yote tunayoiita mikoko) ulionyooka, anaacha uliopinda. Msitu wake kwa mbali unaonekana mzima, ingia ndani uone miti iliyobaki yote ina kibiongo, na hiyo ndiyo inayozaa mbegu. Mchoma chokaa yeye hachagui, anataka kuni, na kwenye tanuri lake anatia matumbawe pia, kwa hiyo hasara inakuwa mara mbili. Mkulima wa mpunga wa delta hahitaji mti kabisa, anahitaji ardhi na maji baridi. Atafyeka, atalima misimu michache, magugu na kaa watamshinda, atasogea mbele. Hawa ni watu watatu tofauti. Mkutano mmoja wa hadhara wenye hotuba moja hauwafikii.

Ninaoanza nao siku hizi ni kina mama wanaookota chaza na tondo, wale konokono wa matopeni, kwa sababu wanakanyaga tope hilo kila bamvu. Waulize hivi: zamani maji yalipita wapi? Usiulize "mnaonaje uhifadhi", watakujibu wanachojua unataka kusikia. Gazi, upande wa Kenya, wanakijiji walianza Mikoko Pamoja mwaka 2013, wanauza hewa ukaa ya msitu wa hekta 117, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu unaihifadhi, na fedha imeleta maji safi na vitabu vya shule. Wengi mtaambiwa mkaige. Sawa, lakini kumbukeni kwamba nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya utafiti na upandaji kwenye hori hiyo hiyo kabla senti ya kwanza haijaingia.

Mkilazimika kupanda, basi pandeni kila mti mahali pake: mlilana, aina nyingine ya mikoko, mbele, mkoko wenyewe kando ya vijito, mkandaa nyuma yake. Mbegu ya mkoko chumeni ile ambayo shingo yake imeanza njano na inayoachia ukiizungusha kidogo. Msiivue kofia kwa nguvu, mtavunja chipukizi lililo ndani. Chomekeni theluthi yake tu, na iwekeni kivulini hadi saa ya kupanda.

Mahali ninapopataja kila mara kwa wageni ni kipande kimoja nyuma ya barabara ya kijiji, kilichokuwa jangwa jeupe. Mama mmoja wa chaza alituonyesha kijito kilipokuwa kikipita kabla ya kifusi kumwagwa. Tulichimba kwa majembe na vijana wa kijiji, tukalaza kalavati mbili, tukaondoka. Baada ya masika mbili mchu ulikuwa umeota wenyewe, mwingi hadi unakosa pa kuweka mguu, na matundu ya kaa yamerudi. Wakati wa kuandika ripoti nikaikuta fomu ina safu moja tu ya matokeo: "idadi ya miche iliyopandwa". Nikaandika sifuri, na bosi wangu akanipigia simu jioni hiyo hiyo kuniuliza kama nimekosea.