Nguo za mgombea mwanamke kwa miezi miwili ya kampeni: fundi aambiwe nini?

SWALI: Nimepitishwa na chama changu kugombea ubunge katika jimbo la vijijini, Kanda ya Ziwa. Tunafanya mikutano minne mpaka mitano kwa siku, mingine nikihutubia nikiwa nyuma ya pikapu. Kwenye mikutano ya mwanzo upepo ulinipandisha gauni, kilemba kikalegea katikati ya hotuba, na kipaza sauti cha kubana kikawa kinavuta shingo ya nguo. Nishone nguo ngapi, za kitambaa gani, na fundi nimpe maelekezo gani? Pia kina mama wa kata mbili wameniomba niwanunulie khanga za sare. Ni sawa?

JIBU: Hongera kwa kupitishwa, dada. Hayo matatu yaliyokusumbua yana chanzo kimoja: nguo zako zimeshonwa za kusimama mbele ya kioo, wakati kazi yako iko juu ya gari. Watu wanakutazama kutoka chini, mkono wako uko juu nusu ya hotuba, na mkutano ukiisha unainama kushika mikono ya watu. Fundi asipoambiwa mambo hayo atakupima ukiwa wima, mikono imeshuka, kama anavyompima bibi harusi.

Anza na kwapa. Mteja akisema anataka nguo yenye nafasi, mafundi wengi hushusha kwapa la nguo inchi mbili au tatu. Matokeo yake ni kinyume kabisa. Kwapa la nguo likiwa chini, mkono unaponyanyuka huvuta ubavu mzima wa gauni. Kiuno kinapanda, na pindo la chini linapanda nacho. Kwapa la nguo liishie inchi moja tu chini ya kwapa lako. Mkono wa nguo uwe mpana kidogo sehemu ya juu, na chini yake pashonwe kipande cha pembe nne, inchi 3 kila upande, kilichokatwa mshazari ili kivutike. Kifuani aongeze inchi 4 juu ya kipimo cha mwili. Ukinyanyua mikono yote miwili, pindo la chini lisipande zaidi ya inchi moja au mbili. Likipanda zaidi, rudisha kwa fundi siku hiyo hiyo.

Upana wa chini ndio uliokuangusha kwenye upepo. Gauni la mwendo wa samaki halikuruhusu kupanda gari, na gauni la duara kamili hugeuka tanga. Kwa gauni refu, mzunguko wa pindo uwe kati ya inchi 80 na 95. Usikubali mpasuo, hata wa nyuma, kwa sababu aliye chini ya gari anauona ukifunguka kila unapopiga hatua. Badala yake aweke rinda moja la ndani, mbele au nyuma, lililoshonewa juu na kuachiwa kuanzia usawa wa goti. Urefu uishie inchi 3 juu ya ardhi, na upimwe ukiwa umevaa viatu vile vile vya kampeni. Upindo uwe mpana, inchi 2, na ndani yake ashonee vile vizito vidogo vya mapazia, sita mpaka nane kuzunguka pindo lote, kila kimoja kwenye kifuko chake ili visikusanyike upande mmoja. Usipovipata, utepe mzito wa pamba uliokunjwa mara mbili unasaidia, ingawa si sana. Ndani vaa taiti ya pamba inayofika chini ya goti. Hata gauni likiwa limeshonwa vizuri namna gani, usiiache.

Bodi ya pikapu iko juu, karibu inchi 30 au zaidi kutoka ardhini. Beba stuli imara ndani ya gari na ukabidhi mtu mmoja kazi ya kuiweka. Kuvutwa mikono na vijana wawili ndiko kunakopasua kwapa na ndiko kunakoleta zile picha zinazosambazwa WhatsApp.

Shingo ya nguo isishuke zaidi ya inchi 3 chini ya kile kishimo cha koo, na ndani yake awekewe mkanda wa kitambaa uliogandishwa kwa gundi ya pasi ili isilegee unapoinama. Hapo ndipo na tatizo lako la kipaza sauti linapoisha. Klipu inahitaji ukingo wa kushika; shingo ya duara isiyo na mkanda hukunjamana kwa uzito. Mwambie fundi aweke mpasuo mfupi wa vifungo mbele, inchi 6 hivi, na klipu ikae kwenye ukingo huo, kama inchi 6 au 7 chini ya kidevu. Kile kiboksi kinachorusha sauti kisining'inie shingoni wala kwenye mkanda laini wa gauni. Kishonewe mfuko ndani, usawa wa kiuno kwa nyuma, wenye tundu dogo la kupitisha waya. Siku za kipaza sauti hicho acha shanga ndefu na ncha za mtandio zinazopepea. Kila zinapogusa kile kipande kifuani, spika zinakwaruza na wananchi wanakosa sentensi nzima.

Zipu ya mgongoni usiikubali. Huwezi kuifungua peke yako kwenye choo cha shimo cha shule ya msingi, na kwenye ziara ya kijijini hicho ndicho choo utakachopata. Zipu iwe ubavuni, au vifungo vya mbele mpaka kiunoni. Vifungo pia humwokoa mgombea anayenyonyesha.

Sasa kitambaa. Nunua kitenge cha pamba tupu. Muuzaji atakuapia kwamba ni pamba, kwa hiyo chomoa nyuzi mbili za pembeni uziwashe kiberiti. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta haifyonzi jasho, na saa nane mchana juu ya gari utatamani kuivua. Pisi ya yadi 6, yenye upana wa inchi 45 au 46, kwa kawaida inatosha gauni refu la mikono pamoja na kilemba. Mwenye mwili mkubwa aongeze yadi moja. Kabla ya kukata, kitambaa kilowekwe usiku kucha na kuanikwa, maana pamba ambayo haijaguswa na maji hurudi. Fundi akiruka hatua hii, gauni linalokutosha Agosti litakubana Septemba.

Rangi za chama zina mitego yake. Njano na nyeupe huonyesha mwili jua likiwa nyuma yako. Kampeni zinaruhusiwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na mikutano mikubwa huwekwa saa kumi, jua linapoanza kulala. Ingiza mkono ndani ya kitambaa ukielekeze kwenye jua: ukihesabu vidole vyako, gauni hilo linahitaji bitana, au gagulo la pamba la rangi ya ngozi yako, maana gagulo jeupe huonekana zaidi. Kijani cha kati, kijivu na bluu ya anga huonyesha jasho la kwapani. Maua makubwa yenye rangi nyingi hulificha. Na uangalie bango la nyuma ya jukwaa: mwenye gauni la kijani mbele ya bango la kijani hubaki kichwa na viganja tu kwenye picha. Mistari myembamba na drafti ndogo huchezacheza kwenye kamera, ziache.

Kama kitambaa cha sare kina picha ya mgombea urais au ya mwenyekiti, mpe fundi yadi moja ya ziada na umwonyeshe mahali uso utakapokaa: katikati ya kifua au mgongoni juu, bila mshono kuupasua, na kamwe usiwe sehemu ya kukalia. Khanga nayo ina mtego wake. Doti ni vipande viwili, na kila kipande kina pindo, mji na jina. Lisome jina kabla ya kulivaa, neno kwa neno. Khanga nyingi zimetungwa kwa mafumbo ya majirani na wake wenza, na kina mama walio mstari wa mbele watalisoma kabla hujafungua mdomo. Fundi akiikata kushona gauni, jina lisikatike katikati. Nusu ya msemo mara nyingi huleta maana nyingine.

Kilemba kinachoteleza kosa lake liko chini yake. Satini juu ya nywele zilizopakwa mafuta haina pa kushika. Tangulia na mkanda wa mahameli au wa pamba, upana wa inchi 3, uliofungwa kwenye mstari wa nywele, kisha funga kilemba cha kitenge juu yake. Fundo likae nyuma, chini ya kile kifupa kinachojitokeza kisogoni, si juu yake. Kwa anayevaa ushungi, tumia kofia ya ndani ya kitambaa kinachovutika, pini moja chini ya kidevu na nyingine begani, ncha ziingie ndani ya kola. Ukimtazama Rais Samia Suluhu Hassan akiwa jukwaani utaona mtandio haumfuniki uso hata kidogo. Hilo ni muhimu kwa picha pia: picha ya fomu na ya mabango ipigwe ukiwa na vazi la kichwa unalovaa kila siku, bila kivuli kwenye paji la uso, ili anayekuona kwenye karatasi ya kura akutambue ni yule yule aliyefika kijijini kwake.

Viatu: vya kufunika, soli nene, kisigino kipana cha inchi moja. Kisigino chembamba huzama uwanjani na hunaswa kwenye nafasi kati ya mbao za jukwaa. Nunua nusu saizi zaidi, kwa kuwa jioni miguu imevimba.

Kuhusu suruali. Juni 2021 Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, alitolewa ndani ya ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali aliyovaa. Mjini, suruali pana yenye shati refu linalofika katikati ya paja haisumbui mtu. Vijijini sikiliza wazee wa chama wa kata ile, maana kata na kata hazifanani. Ninasema hivi huku nikiamini kwamba ni dhuluma mwanamke kuhojiwa nguo wakati mpinzani wake anapanda jukwaani na shati lililotoka nje na hakuna anayeuliza. Lakini una dakika ishirini za kuzungumzia maji, barabara na bei ya pamba, na kila dakika unayoitumia kushika pindo umeitoa kwenye hayo.

Idadi: kampeni ni miezi miwili, na utapata nafasi ya kufua kila baada ya siku tatu hivi. Nguo mbili kwa siku, mara siku tatu, ni sita. Ongeza mbili za akiba. Nane zinatosha. Sita ziwe magauni, mbili ziwe blauzi na sketi kwa ziara za nyumba kwa nyumba, na blauzi ishuke inchi 9 chini ya kiuno. Ongeza koti jepesi moja la asubuhi, na doti tatu za khanga zisizo na rangi wala alama ya chama yoyote. Hizo ni za misiba. Ukipita kijiji chenye msiba, vua kofia na skafu ya chama, jifunge khanga, ingia ukae chini na wenzako. Kuingia matangani na sare ya chama kunaumiza wafiwa, na hakusahauliki.

Usikate zote nane pamoja. Ashone moja kwanza. Livae nyumbani siku nzima, kisha panda juu ya meza; mtu asimame chini, hatua tatu mbele yako, akupige picha kwa simu ukinyanyua mkono, ukigeuka, ukiinama kumshika mkono. Shuka ukae kwenye mkeka, miguu umeikunja upande, uinuke bila kushika pindo. Ingia na kutoka kwenye gari mara kadhaa. Kasoro zote zitajitokeza hapo, na kuzirekebisha kwenye gauni moja ni kazi ya saa moja. Kwenye nane ni wiki nzima, na wiki hiyo hutakuwa nayo.

Vumbi jekundu likung'utwe likiwa kavu kabla nguo haijaguswa maji. Rangi yake inatokana na kutu ya chuma kwenye udongo, na jiki huigandisha kabisa. Doa lililobaki lipakwe ndimu na chumvi, lianikwe juani, ndipo lioshwe. Kitenge kipya kifuliwe peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, vinginevyo kijani kitahamia kwenye njano. Msaidizi wako abebe sindano, uzi wa rangi tatu, pini kubwa kumi na kipande cha kila kitenge.

Khanga za sare za kina mama: hapana, usiwanunulie. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliyokuwa imeruhusiwa na sheria ya mwaka 2000 ilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2006 kuwa kinyume cha Katiba, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza zawadi za kumshawishi mpiga kura. Khanga kutoka mkononi mwako kwenda kwa kikundi cha kata, wiki chache kabla ya kura, mpinzani wako ataipeleka kwenye pingamizi kama ilivyo. Waambie jina la kitambaa na duka linalokiuza, wanunue na kushona wenyewe. Sare zinazoletwa na chama kwa mawakala na wahamasishaji zipite kwa katibu wa chama wa wilaya, zikiwa na risiti na idadi iliyoandikwa, kwa sababu zitatakiwa kwenye taarifa ya gharama zako baada ya uchaguzi.