Ukuta Mbele ya Somo: Tovuti Zinazowafungia Wenye Vizuia Matangazo

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Ujiji, Kigoma. Kila jioni huunganisha kompyuta mpakato na simu yangu ili nitafute michoro na maswali ya mazoezi ya kidato cha tatu, na kwa kuwa bando ninalinunua kwa fedha zangu mwenyewe, nimeweka kizuia matangazo. Tangu mwezi uliopita tovuti moja ninayoitegemea sana hufunguka kwa sekunde mbili tatu, kisha hujifunika kwa kisanduku kikubwa kinachonitaka nizime kizuizi ndipo niendelee kusoma. Wanajuaje kwamba ninacho? Je, kupita bila kukizima ni wizi?

Jibu: Mwalimu, umeona jambo ambalo wengi hawalizingatii, nalo ni kwamba ukurasa hufunguka kwanza ndipo hufunikwa. Maana yake ni kwamba somo lako limekwisha kufika ndani ya kompyuta na MB zake zimekwisha kukatwa. Kinachokuzuia ni pazia lililoshushwa juu yake na programu ndogo ya JavaScript (lugha ya maagizo ambayo kivinjari huyatekeleza ndani ya ukurasa) iliyokuja pamoja na ukurasa huo huo.

Kuhusu namna wanavyojua, kwa kawaida tovuti haichungulii orodha ya viendelezi, yaani programu ndogo ulizoongeza kwenye kivinjari chako (programu unayofungulia tovuti), bali hutega chambo. Wewe unayeishi kando ya Ziwa Tanganyika unajua kwamba mvuvi wa dagaa hawafuati samaki usiku. Huwasha taa wakajileta wenyewe. Ukurasa nao hutengeneza kisanduku kitupu, ukakipa jina ambalo vizuia matangazo vimefundishwa kulificha, kisha ukapima kimo chake. Kimo kikiwa sifuri, umeshikwa. Njia nyingine ni kuagiza faili lenye jina kama la tangazo na kungoja kama litafika. Lisipofika, pazia linashuka.

Kabla ya jambo lolote, hesabu vizuizi ulivyo navyo. Wasomaji wengi huweka viwili au vitatu wakidhani ulinzi utaongezeka, kumbe kimoja huharibu kazi ya mwenzake: mahali ambapo cha kwanza kingemjibu mtega chambo kwa faili bandia linalosema kwamba tangazo limefika, cha pili hulikata faili hilo na siri ikafichuka. Bakiza kimoja tu. Mimi ningechagua uBlock Origin, iliyoanzishwa na Raymond Hill, kwa kuwa haina gharama na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Kisha fungua mipangilio yake na usasishe orodha za vichujio, yaani orodha zinazokiambia kizuizi kipi cha kuzuia, kwa sababu watu wanaojitolea kuzitunza hushindana kila siku na wenye tovuti, na orodha ya mwezi uliopita haijui mtego uliotegwa wiki hii. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Kivinjari nacho kina uzito wake. Mwaka 2024 Google ilianza kuzima ndani ya Chrome viendelezi vilivyojengwa kwa mfumo wa zamani, uBlock Origin ikiwamo, na kilichobaki humo ni toleo jepesi liitwalo uBlock Origin Lite, ambalo lina nguvu pungufu katika kupambana na mitego hii. Firefox, kivinjari kingine, imeendelea kukubali toleo kamili. Humo pia kuna mwonekano wa usomaji, ambao kwenye Windows hufunguliwa kwa kubonyeza F9, na ambao huchukua maandishi na picha za makala na kuacha mengine yote, pazia likiwamo. Ukishindwa kabisa, uBlock Origin inaweza kuzima JavaScript kwa tovuti hiyo peke yake, ingawa michoro inayochezeshwa na JavaScript haitafanya kazi.

Njia hizi zina mpaka. Kama seva, yaani kompyuta ya mwenye tovuti, haitumi somo mpaka ihakikishe kwamba tangazo limeonekana au kwamba umejisajili, hakuna cha kufunua, kwa kuwa nyuma ya pazia hakuna kitu.

Nakuomba usifuate tangazo la kiendelezi kinachodai kuvunja kuta zote za namna hii. Nano Defender kilikuwa kiendelezi cha kazi hiyo hasa, nacho kiliaminiwa. Mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza pamoja na mwenzake, Nano Adblocker, na wamiliki wapya wakatia ndani ya matoleo ya Chrome msimbo wa kuchota taarifa za watumiaji. Viwili hivyo vilikuwa vimewekwa mara zaidi ya 300,000 kabla Google haijaviondoa.

Kuhusu wizi, mgogoro maarufu ni wa Ujerumani. Kampuni ya magazeti Axel Springer iliwafungia wenye vizuizi tovuti ya gazeti lake la Bild mwaka 2015, na pia iliishtaki kampuni ya Eyeo, yenye kizuia matangazo kiitwacho Adblock Plus. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba kutoa kizuizi hicho si ushindani haramu. Hukumu hiyo inaihusu Ujerumani, na mimi sioni wizi katika kuchagua kipi kionyeshwe kwenye kioo chako. Hata hivyo, tovuti inayokupa mazoezi ya fizikia bure huenda inalipwa na matangazo hayo hayo. Ningekushauri uiruhusu hiyo moja kwa siku tatu, kwa kubonyeza kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima ndani ya uBlock Origin ukiwa kwenye tovuti hiyo, halafu uangalie salio la bando. Matangazo yake yakiwa picha tulivu, iache ilivyo. Yakiwa video zinazojichezesha zenyewe, rudisha kizuizi bila kuona haya.

Swali: Mimi nauza mawese soko la Mwanga, Kigoma, na sina kompyuta. Kwenye Chrome ya simu sioni mahali pa kuweka kizuia matangazo.

Jibu: Ndugu yangu, hupaoni kwa sababu hapapo; Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Weka Firefox kutoka Play Store, ingia sehemu ya viendelezi, uongeze uBlock Origin. Wapo watakaokwambia ubadilishe DNS (huduma inayoiambia simu kila tovuti iko wapi) kwenye mipangilio ya simu, na kweli matangazo yatapungua hata ndani ya programu nyingine, lakini njia hiyo haiwezi kumdanganya mtega chambo, kwa hiyo kuta utakutana nazo nyingi zaidi.