Faida si kichocheo pekee cha biashara

Je, watu huanzisha biashara kwa ajili ya fedha tu? La, si fedha pekee zinazowasukuma. Mwanauchumi Joseph Schumpeter aliandika kwamba wajasiriamali huongozwa pia na ndoto ya kujijengea himaya yao, hamu ya kushinda, na furaha ya kuunda kitu kwa nguvu na akili zao. Fundi cherehani ninayemfahamu hapa Kibuye, Kisumu, alikataa kazi ya mshahara kiwandani kwa sababu, alivyonieleza utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, huko angeshona mifuko tu kutwa nzima bila kuliona shati likikamilika. Hata hivyo, aliyeingia biasharani kwa kukosa ajira, na hao hapa kwetu ni wengi, kwanza hutafuta unga.