Swali: simu ilisema digrii 36, mbona lengalenga (mchicha) zangu zimeungua na baridi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Uvira anayeishi Des Moines, Iowa, Marekani, nalifupisha: "Kaka, Jumapili upepo ulivuma mchana kutwa mpaka usiku, baridi ya kufa mtu, nikasema bustani ndo kwisha. Jumatatu asubuhi nikaenda, lengalenga salama. Jumatatu usiku kimya, hata jani halitikisiki, simu inasema chini kabisa itakuwa digrii 36 za Fahrenheit, nikalala. Jumanne nakuta lengalenga, maharage na matembele vyote vyeusi. Maji si yanaganda kwenye 32? Simu inadanganya?"

Pole sana dada, na hapana, simu haijadanganya, ila imekwambia habari za mahali pengine. Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa huku huku Midwest na kila Oktoba naulizwa hili swali, tena karibu kila mara mtu ameogopa usiku usio na hatari akalala fofofo ule wenye hatari.

Tuanze na ile Jumapili. Kilichopita kwako ni kile tunaita fronti baridi, yaani ukingo wa hewa ya baridi kutoka Kanada unaojichomeka chini ya hewa ya joto na kuisukuma juu. Kwenye ramani ni ule mstari wa bluu wenye meno ya pembetatu, meno yanaangalia kule unakoelekea. (Jina la fronti lilitoka kwa watabiri wa Bergen, Norway, mwaka 1919 hivi, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeisha juzi tu, wakaona hewa mbili zinagombana kama majeshi mpakani.) Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hiki kitu hatukijui, kwetu upepo unageuka kwa msimu, kaskazi inaondoka taratibu, wiki zinapita, ndo kusi inaingia. Huku unaweza kuwa umesimama parking upepo wa kusini unakupuliza vuguvugu, unaingia dukani kununua maziwa, ukitoka unavuma kutoka kaskazini-magharibi na fulana yako haitoshi tena.

Sasa huo upepo ndo ulikuwa unakulindia bustani. Usiku ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, hewa iliyogusana na ardhi inapoa, na hewa ikipoa inakuwa nzito inalala hapo hapo chini, ya juu yake kidogo bado ina joto. Ni kama chai ambayo sukari imelala chini ya kikombe, na upepo ndo kijiko. Unapovuma unakoroga, joto la juu linashuka, majani hayafiki kwenye kuganda. Ile baridi uliyoisikia wewe ni kwa sababu upepo unakuibia joto la mwili, jani halina joto la kuibiwa, linafuata hewa tu, kwa hiyo ile namba ya "inahisi kama 25" ni ya kwako wewe na watoto wakisubiri basi la shule, sio ya lengalenga.

Jumatatu usiku nyuma ya fronti kikaja kituo cha mgandamizo mkubwa wa hewa kikatulia juu yenu. Mawingu hakuna, upepo hakuna, hewa kavu. Wingu ni blanketi, likiondoka joto lote linakwenda zake. Na ile 36 kwenye simu ni ya kipimajoto kilichofungwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, kama mita moja na nusu mpaka mbili kutoka chini, mara nyingi uwanja wa ndege. Jani lako liko wazi linatazama nyota, na usiku kama ule linaweza kuwa chini ya hiyo namba kwa digrii 4 mpaka 8 za Fahrenheit. Toa mwenyewe, 36 kutoa 6. Maji ya ndani ya jani yanaganda, utando wa seli zake unapasuka, jua likitoka unakuta jani limelegea, limeiva kama limemwagiwa maji ya moto.

Ukanitajia pia kwamba shamba lenu liko chini karibu na kijito. Hapo ndo nikacheka kidogo, nisamehe, maana mimi ni wa Njombe na vinyungu vyetu viko bondeni, mwezi wa sita na wa saba sakitu (ile barafu nyembamba ya alfajiri) inashuka, viazi vya bondeni vinaungua vya mlimani vinabaki vinakuangalia. Hewa baridi inatiririka kama maji, inajaa kwenye mabonde. Wenzako wenye bustani juu ya barabara naamini hawakupoteza kitu.

Iowa ya kati sakitu ya kwanza huja kama katikati ya Oktoba, kaskazini mwa Minnesota Septemba tu inatosha, kwa hiyo hujachelewa wala hujaonewa. Mwakani usiangalie namba ya digrii peke yake. Fronti ikipita, hesabu usiku wa pili. Angalia upepo (chini ya maili 5 kwa saa ni kengele), angalia mawingu, na ile namba wanaita dew point (kiwango cha joto ambacho hewa ikishuka hapo umande unaanza kutunga), ikiwa chini ya 32 na anga ni safi, ujue joto lina nafasi ya kuporomoka. Simu ikileta Frost Advisory kwa kawaida wanategemea 33 mpaka 36, yaani sakitu ya chini kama yako, Freeze Warning ni 32 kushuka, hapo hata wa mlimani wafunike.

Kufunika: shuka kuukuu, sio nailoni. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifunika pilipili kwa nailoni nikaibana vizuri kabisa, kila jani lililogusa nailoni likaungua. Shuka lifike mpaka chini kwenye udongo pande zote, kwa sababu joto unaloliwinda linatoka kwenye udongo, ukilifunga shinani kama mwavuli umefanya kazi bure. Funika kabla jua halijazama, na mchana wake mwagilia, udongo wenye maji unatunza joto kuliko mkavu. Asubuhi jua likipanda toa.

Umeuliza mwishoni kama ung'oe na sukuma wiki. Usiiguse! Hiyo inavumilia mpaka digrii 20 na kitu, na baridi inaifanya itengeneze sukari, ya mwezi wa kumi na moja ni tamu kuliko ya Agosti. Kata lengalenga zilizokufa, acha sukuma hapo, na ule mpira wa kumwagilia uchomoe bombani usiku wa leo.